Shule ya kimataifa hapa Lubumbashi: bwawa nimeliona, nikaomba madaftari

Mdogo wangu wa kike amekaa miaka 15 Johannesburg. Mume wake amepata kazi kwenye mgodi mmoja huku Kongo, upande wa Likasi, na mwezi wa kwanza wanarudi nyumbani wote, wao na watoto wawili: kijana wa miaka 14 na kabinti ka miaka 6. Alinipigia Jumapili usiku, hata habari za mama hakuuliza kwanza. "Yaya," ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hawa watoto Kifaransa hawajui hata bonjour. Nenda kaniangalizie ile shule ya Kiingereza, ile ya ba ekspatrie." Yaani wageni wanaoletwa na kampuni.

Nikaenda. Jina la shule silitaji, maana huenda mpwa wangu akakaa humo miaka minne na sitaki akosane na walimu kwa sababu ya mdomo wa mjomba wake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Miaka 19 niko mbele ya ubao katika shule ya Serikali kule Katuba, na mwaka huu darasa langu moja lina watoto 64. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue wivu wangu unatoka wapi.

Nilifika Jumanne saa mbili na nusu asubuhi. Mwezi wa kumi, jakaranda zimemwaga maua barabara nzima, joto la kungoja mvua limeshashika mji. Nilivaa koti ninalovaa siku za Examen d'État, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Sentineli akalitazama koti, akatazama gari nililoazima kwa shemeji, akaniambia kwa heshima zote: "Papa, ba shofere banangojeaka kule, chini ya ule muti wa maembe." Kweli chini ya mwembe walikaa madereva kama kumi na wawili wakicheza dama, vifuniko vya bia ya Simba upande huu, vya Tembo upande ule. Nikamwambia mimi si shofere, ni mjomba wa watoto. Akacheka, akaomba radhi, akaniandika kitabuni, akanipa kadi ya kuning'iniza shingoni.

Mama wa mapokezi alikuwa mchangamfu na alikuwa na njia yake tayari, kama muongozaji wa watalii. Bwawa la kuogelea kwanza. Halafu uwanja wa mpira wenye majani ya kijani mwezi wa kumi, jambo ambalo hapa Lubumbashi ni maji mengi sana ya kisima. Halafu ukumbi, halafu chumba cha muziki chenye piano mbili. Saa tatu na dakika kumi umeme ulikatika. Nikahesabu moyoni: sekunde 9, grupu, yaani jenereta, likawaka, na hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Kwetu delestaji, mgao wa umeme, ikianza, darasa zima hupiga mluzi.

Bwawa ni zuri. Sina la kuongeza juu ya bwawa.

Kiingereza changu ni cha redio na cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini kwa kuomba madaftari kinatosha. Mama wa mapokezi alisita kidogo, akanipa albamu yenye picha za sikukuu ya bendera za mataifa. Nikarudia kwa upole: madaftari ya hesabu, la mtoto anayefanya vizuri na la mtoto anayepata shida. Alikwenda kumwuliza mkuu wa msingi, akarudi na manne. Kwa hilo nawapa alama. Nimewahi kutembelea shule mbili za hapa mjini, za minervali (ada) kubwa tu, ambako waliniambia madaftari ni siri ya mtoto.

Matatu yalikuwa mazuri kuliko yangu mwenyewe. Masahihisho kwa kalamu ya kijani, na mwisho wa kila zoezi mwalimu ameandika swali, si "vizuri sana" ya kumaliza kazi. Chini yake mtoto amejibu kwa penseli. Mtu anayesahihisha hivyo analala saa sita usiku. La nne, la yule anayepata shida, lilianza vivyo hivyo halafu likakatika: wiki tatu nzima bila alama hata moja ya mwalimu, mtoto anaendelea kukosea kosa lilelile ukurasa baada ya ukurasa. Nikauliza. Mwalimu wake wa kwanza aliondoka katikati ya muhula kwenda shule nyingine nchi za Ghuba, na wa pili alichelewa kupata viza.

Hili si la shule hii peke yake. Walimu wa shule za namna hii duniani mara nyingi huajiriwa kwa mikataba ya miaka 2, wakipenda wanaongeza, wasipopenda wanahamia nchi nyingine. Ni wasafiri. Lakini mzazi anayelipa pesa zote hizo ana haki ya kuuliza: mwalimu wa mwanangu atakuwepo hadi mwezi gani? Niliuliza, nikajibiwa kwamba "timu ni imara". Jibu la maana nilipewa koridoni na mama mmoja wa usafi, tulipoachwa wawili mama wa mapokezi akipokea simu. Nilimsalimu kwa Kiswahili chetu, akashusha ufagio. Ana miaka 11 pale. Anajua nani hulia Jumatatu na nani ana mzio wa karanga. "Ba mwalimu banapitaka tu, papa. Banakuya, banaenda. Batoto banatuuliza siye: eko wapi Miss?"

Sasa niseme nilichokipenda zaidi, na hapa naomba uvumilivu wa wasiopenda hesabu.

Nilikubaliwa kukaa nyuma ya darasa moja la watoto wa miaka tisa, kumi. Walikuwa 17; nilihesabu mara mbili kwa wivu. Msichana mmoja akaenda ubaoni akaandika 1/3 + 1/4 = 2/7. Kosa hili nalijua kama ninavyojua njia ya Katuba gizani. Mimi ningelifuta, ningesema "tafuta asili ya pamoja", nikaendelea, maana programu ni ndefu na anspekta hachelewi. Yule mwalimu, kijana kutoka Zambia, hakulifuta. Alichukua karatasi ya A4, akakata vipande viwili kwa upana wake, akampa msichana rula. Upana wa A4 ni sentimita 21. Paka rangi theluthi ya hiki, akamwambia. Sentimita 7. Paka 2/7 ya hiki kingine. Sentimita 6. Akaviweka kimoja juu ya kingine, akavishika juu ili wote waone. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu: tulikuwa na theluthi, tukaongezewa robo, imekuwaje sasa tuna kidogo kuliko mwanzo?

Darasa likanyamaza. Mvulana wa Kichina pembeni ya dirisha akaanza kucheka peke yake, akashika kichwa kwa mikono miwili. Msichana mwenyewe akageuka ubaoni, akaangalia 2/7 yake kama mtu anayeangalia kiatu cha mtu mwingine mguuni mwake. Hakuna aliyemwambia amekosea. Dakika kumi baadaye walikuwa wamefika 7/12 wenyewe, na mwalimu alikuwa bado hajatamka neno "asili".

Nilitoka pale nimenyamaza. Alhamisi nilifanya hivyohivyo darasani kwangu, kwa karatasi za fotokopi zilizoharibika, rula moja kwa watoto wanne. Ilichukua saa nzima na nusu ya darasa haikuona vipande. Waliokaa mbele waliona.

Maabara, basi. Safi, vyombo vimeandikwa majina, mabomba yanatoa maji. Kwenye kabati la vioo wamepanga mawe, na katikati kuna kipande cha malakiti, jiwe la shaba, kikubwa kama ngumi, kijani chenye mistari, kizuri sana. Chini yake kikaratasi kimechapwa: malakiti, Afrika. Nikasoma mara mbili. Afrika! Tuko Lubumbashi, mji ambao wazee wetu waliyeyusha shaba hii kwa mivukuto na kuimimina kuwa misalaba, mji wenye bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, linaloonekana kutoka ghorofa ya pili ya shule hiyohiyo, na nusu ya baba za watoto wale asubuhi hii wamekwenda kazini kuchimba hilo jiwe. Nikamwuliza mwalimu wa sayansi kama darasa limewahi kwenda kwenye Makumbusho ya Taifa, ambayo iko hapahapa mjini. Akasema wazo zuri, ila kuna taratibu za usalama. Safari ya darasa ya mwaka huu ni Zambia, kuona maporomoko ya Victoria.

Hapo nikaanza kuelewa kilichokuwa kikinisumbua tangu getini. Wanafundisha vizuri, ila ukiwachukua na kuta zao ukawapeleka Accra au Dubai, hakuna kitakachobadilika isipokuwa mwembe. Ukutani nje ya maktaba kuna bango la lugha: Kifaransa, Kimandarini, Kihispania. Kiswahili hakuna. Nikauliza. Mama wa mapokezi akasema, bila ubaya wowote, kwamba shule inafuata mitihani ya kimataifa. Sasa mimi ni mtu wa kuchimba mambo: Cambridge, hao hao wanaotunga mitihani ya IGCSE ambayo watoto wa pale wanaifanya wakiwa na miaka 16 hivi, wana somo la Kiswahili katika orodha yao. Diploma ya IB (International Baccalaureate), ile iliyoanzia Geneva mwaka 1968, nayo ina Kiswahili. Kwa hiyo kinachokosekana si mtihani. Ni mwalimu mmoja, ambaye hapa Lubumbashi angepatikana kabla ya chai. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, tena hapa Katanga ndicho tunachoamkia.

Na Kiswahili chenyewe kimo tayari. Wakati wa mapumziko nilisimama kando ya uwanja, chini ya kibao kinachosema hapa tunazungumza Kiingereza. Vijana wawili, mmoja sura ya Kihindi, mwingine mwenye nywele nyekundu kama moto wa makaa, waligombea mpira mbele yangu. "Toa mupira!" "Nakataa! Ni ya kwetu!" Kiswahili safi cha mtaa wa Kamalondo, na lafudhi yake. Wamekipata kwa shofere, kwa yaya, kwa mama wa usafi. Mwalimu wa zamu alipita, akasikia, akajifanya hakusikia. Nilimpenda kwa hilo.

Jirani mmoja wa mama yangu, mzee wa Gécamines, nilipomsimulia alinikumbusha kwamba mapadre Wasalesiani walipofika hapa mwaka 1911 wakafungua shule, ile Saint-François-de-Sales ilikuwa ya watoto wa Wazungu, mtoto mweusi hakanyagi. Leo inaitwa Imara, jina la Kiswahili, na yeye mwenyewe amesomesha wajukuu humo. Mzee alitaka niseme kitu, mimi nikanywa munkoyo wangu.

Upande wa vyeti, hapa wazazi wanaorudi wafungue masikio, maana mapokezi hawatawaeleza wasipoulizwa. Kwanza, kalenda. Afrika Kusini mwaka wa masomo unaanza Januari. Shule hii, kama zetu, inaanza Septemba. Mpwa wangu anamaliza darasa lake Desemba, akija Januari anakuta wenzake katikati ya mwaka: ama arudishwe nusu mwaka, ama aruke nusu. Walisema watamwangalia kwa jaribio. Kwa umri wake ni sehemu mbaya ya kuruka, kwa sababu miaka miwili inayofuata ndiyo ya maandalizi ya IGCSE. Pili, cheti cha mwisho. Mtoto wetu wa kawaida anafanya miaka 8 ya elimu ya msingi, miaka 4 ya humanités (sekondari ya juu), halafu Examen d'État, na hicho ndicho kinachofungua mlango wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliyemaliza na cheti cha Kiingereza atahitaji kutafutiwa usawa wa diploma yake kwanza, karatasi baada ya karatasi. Kama mpango ni chuo cha nje, haina shida. Kama mzazi anaota mtoto awe daktari hapa UNILU, azianze hizo karatasi mapema, na Kifaransa chake kiwe cha kusikiliza mhadhara, si cha kuagiza soda. Kifaransa pale ni vipindi vitatu kwa wiki, na nilichokisikia ni "je m'appelle" kwa watoto wenye miaka minne nchini.

Pesa. Minervali ya mwaka wa mtoto mmoja inapita mshahara wangu wa miaka mitatu. Namba kamili sitaiandika kwa sababu mke wangu anasoma hapa. Ni dola, kwa mihula mitatu. Juu yake kuna basi, chakula, ada ya mitihani ambayo haimo kwenye karatasi ya kwanza (ulizeni!), amana ya kurudishiwa siku ya kuondoka, na dola 150 za maombi zisizorudi hata mtoto akikataliwa. Nilikuja nazo taslimu. Karani wa malipo alizikagua moja moja kwenye mwanga, akanirudishia noti ya 50 yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha. Ni kawaida ya mji mzima, simlaumu, ila ilibidi nitoke hadi kwa wabadili pesa barabarani, nipoteze dola 3, nirudi. Waajiriwa wa kigeni hawaijui shida hii, kampuni huwalipia moja kwa moja benki. Mume wa mdogo wangu kampuni imemwajiri kwa mkataba wa kienyeji kwa sababu pasipoti yake ni ya Kongo. Kazi ileile, ofisi ileile. Minervali atatoa mfukoni.

Lalamiko langu kubwa ni hili la baadaye. Waliahidi majibu ya maombi ndani ya siku 5 za kazi. Siku ya 9 nikapiga simu, nikaambiwa faili haina barua ya mwajiri ya kuthibitisha malipo. Nikaeleza kwamba mwajiri halipi, mzazi ndiye anayelipa. Kimya. Yule dada kwenye simu akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Kwa hiyo familia siyo ya ekspatrie?" Nikamjibu kwamba familia inatoka Afrika Kusini, baba ni mhandisi, watoto wanaongea Kiingereza tu, na bibi yao anaishi kwenye avenue ya pili kutoka kwenu. Ilichukua wiki nyingine. Fomu yao ina kisanduku cha "nchi ya asili" na kisanduku cha "mwajiri nchini Kongo", ila mtu anayerudi kwao hana kisanduku.

Chakula nilikionja. Tambi, saladi, na siku za Ijumaa, nimeambiwa, kuna bukari (ugali wetu) na matembele, siku ambayo watoto hurudia sahani. Vyoo visafi, vya watoto na vya wafanyakazi pia. Vya wafanyakazi niliviangalia kwa makusudi. Muuguzi yupo siku nzima, ana vipimo vya malaria, na kila kipimo kimeandikwa daftarini kwa tarehe.

Uamuzi niliomwambia mdogo wangu: kijana aende. Umri wake hauna muda wa kuanza Kifaransa kutoka sifuri na kukimbilia Examen d'État, na yule mwalimu wa hesabu peke yake, kama atabaki, ana thamani ya nusu ya minervali. Kabinti kasiende. Mtoto wa miaka 6 ukimtia shule ya masista ya Kifaransa Januari, kufika Pasaka anakusahihisha. Sare ya bluu na nyeupe kama wenzake, mchana anarudi kwa bibi. Mdogo wangu hakukubali. Anasema nataka kuwatenganisha watoto, na kwamba mimi ni mwalimu wa Serikali hivyo siku zote nitatetea chaki. Tumeachana hapo kwenye simu, tutaendelea wakifika.

Kwa atakayekwenda: usiende Ijumaa, siku ya michezo, hutaona darasa hata moja likifundishwa. Omba daftari la mtoto dhaifu. Noti zako zikague mwenyewe nyumbani, juani, pande zote mbili. Na yule sentineli wa asubuhi ni mtu mzuri, ila ukishuka tu garini mwambie kabisa kwamba wewe si shofere.